Mimi na Wenzangu

Glavu zilizidi jozi moja. Aliyeziona ni muuguzi wa vyombo, asubuhi, wenzake wakivua magauni ya upasuaji na kutaniana juu ya chai. Kila aliyegusa tumbo la mgonjwa alikuwa ameshavua glavu zake na kuzitupa kwenye beseni, lakini juu ya beseni zilibaki nyingine ambazo hakuna aliyekubali kuwa ni zake. Zilikuwa zimevaliwa, maana ndani zilikuwa na jasho. Vidole vyake vilikuwa vimevutika vikawa virefu kupita vya mtu yeyote pale, na zilinukia marashi, yale mazito ya nguo zilizokaa sandukuni miaka. Akauliza za nani. Wakamcheka, wakamwambia aende akanywe chai, njaa imempanda kichwani. Akazifunika kwa taulo kwa sababu hakutaka kuendelea kuziangalia.

Huyo daktari wao mpasuaji inabidi tumseme kidogo kabla mambo hayajaharibika. Hospitali nzima ilimwita Mstari Mmoja. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu, na watu walitoka mbali wakaomba wapasuliwe na yeye tu, nao walirudi makwao wakiwa wazima. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini kwenye kalamu alikuwa mvivu, mvivu wa kutupwa. Kila upasuaji ukiisha, mpasuaji anatakiwa aandike maelezo: nani walikuwepo, alikata wapi, alikuta nini, alitoa nini, aliacha nini, nani alifunga na kwa uzi gani. Yanaandikwa ili daktari atakayemfungua mgonjwa huyo siku nyingine asiingie tumboni mwake kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba ya jirani. Mstari Mmoja aliandika mstari mmoja. Awe ametoa kidole tumbo, awe ameunga utumbo, awe amemtoa mtoto, maneno yalikuwa yale yale: "Upasuaji umefanywa kama kawaida, mimi na wenzangu. Tumefunga." Chini yake alichora kitu kama mnyoo, ndiyo sahihi. Jina lake hakuliandika, na ya wenzake ndiyo kabisa.

Alikuwepo mpasuaji mwingine, mwanamke, amehamia hapo karibuni, naye wakambatiza Bi Nukta kwa kuwa hakuna sentensi aliyoiacha bila kuifunga. Huyu aliandika ukurasa mzima na kugeuza nyuma. Alipoanza kuwasumbua wenzake waandike vizuri, wengi walinuna, lakini Mstari Mmoja yeye aliona burudani. Siku moja Bi Nukta alimfuata chumba cha kunawia mikono, faili mkononi, na Mstari Mmoja akamuuliza kama anataka aandikiwe barua ya mapenzi. Bi Nukta hakucheka.

"Nataka uandike kilichotokea. Huyu 'mimi' ni nani?"

"Mimi ni mimi, dada."

"Na hawa wenzako?"

"Wapo tu. Wanajijua."

Bomba lilikuwa limefungwa, na bado pale kwenye sinki la mwisho maji yalisikika yakimwagika juu ya mikono ya mtu anayenawa taratibu. Wakageuka wote. Sinki lilikuwa kavu. Mstari Mmoja akasema ni mabomba ya zamani haya, kisha akaenda zake.

Baada ya hapo wodini wakaanza kuuliza maswali. Mwashi mmoja aliyetolewa ngiri aliuliza yule aliyekuwa akimwimbia kichwani ni nani, maana angependa kumshukuru. Mama mmoja mtu mzima akaomba aitiwe yule dada mrefu, yule aliyebaki naye wengine walipotoka. Wauguzi wakasema ni nusu kaputi, inaleta ndoto. Sawa, ndoto. Lakini watu hawa hawakujuana, hawakulala wodi moja, na wote walitaja marashi. Muuguzi wa vyombo, aliyesikia habari hizo zote kwa masikio yake, akaacha kuingia chumba cha upasuaji peke yake, hata mchana, hata kuchukua taulo.

Kisha ikaja ile ya kuhesabu. Kabla tumbo halijafungwa, vitambaa vya kufyonzea damu huhesabiwa kwa sauti, ili kisisahauliwe kimoja ndani ya mtu. Muuguzi alihesabu, hesabu ikakamilika, akanyamaza. Na katika kimya kile, usawa wa taa kubwa ya juu, sauti ndogo ya mtu asiye na haraka ikamalizia, "Na mimi." Muuguzi aliwatazama wenzake mmoja mmoja juu ya barakoa. Kila mtu alikuwa ameinamisha macho, na ndipo akajua kwamba wote wamesikia na hakuna atakayesema.

Mstari Mmoja alisikia pia. Lakini ukiwa umezoea kusifiwa, kichwa chako hutafuta sababu nyepesi. Hata Bi Nukta alipomfungua upya mgonjwa aliyewahi kupasuliwa na Mstari Mmoja, akarudi na kibakuli chenye nyuzi alizozikuta ndani, nyeusi, nyembamba, na mafundo yake yote yamefungwa kwa mkono wa kushoto, Mstari Mmoja alisema labda stoo wameleta uzi wa aina nyingine. Bi Nukta akausogeza ule uzi kwenye mwanga wa dirisha.

"Angalia ncha," akasema kwa sauti ya chini. "Uzi gani huu wenye mzizi?"

Ulikuwa unywele. Mstari Mmoja akasema ana mgonjwa anamsubiri, na kweli alikuwa naye, akatoka mbio.

Yote hayo angeweza kuyameza. Lililomshinda ni la mdogo wake.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, mmoja tu. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamsuka nywele vibaya na kumpikia vibaya zaidi, na mpaka leo walikuwa wakichekeshana kwa hayo. Binti alikua akawa mshonaji, na kaka mtu akamwita Fundi, hakumwita tena kwa jina lingine. Alishonea chumbani kwake, peke yake, hakutaka mwanafunzi wala msaidizi, alisema mkono wa mtu mwingine unamharibia pindo. Msimu wa mvua uliopita utumbo wake ulijisokota ghafla. Siku hiyo Bi Nukta hajahamia bado, na hapakuwa na mpasuaji mwingine wa kumpokea, basi kaka akamfungua mwenyewe, machozi yakimlengalenga, akamwokoa. Sasa tumbo la Fundi lilikuwa limeanza kujaa tena. Mwili ulikuwa umekwisha, mashavu yamebonyea, na kila chakula kilirudi.

Mstari Mmoja alikaa ukingoni mwa kitanda chake wodini, akamuuliza maswali ya kidaktari, wapi panauma, panauma vipi. Fundi alimshika mkono, akamvuta karibu, akahakikisha mgonjwa wa kitanda cha pili amelala.

"Kaka, kuna mtu anashona."

"Wapi?"

"Humu ndani. Mimi ni mshonaji, siwezi kukosea. Anapitisha sindano, halafu anavuta uzi, halafu anakaza. Mchana kutwa. Kaka, anapunguza. Ananishona niwe mdogo."

Aliweka sikio juu ya tumbo la mdogo wake, kama alivyofanya kwa maelfu ya wagonjwa kusikiliza mlio wa utumbo. Mlio wa utumbo haukuwepo. Alisikia kitu kikivutwa polepole kwenye kitambaa, kikafika mwisho, kikakazwa, na Fundi akabana meno. Aliponyanyua kichwa, shavu lake lilikuwa linanukia marashi.

Tumbo lilibidi lifunguliwe haraka, na Bi Nukta ndiye aliyekubali kulifungua. Wakakaa ofisini yeye, Mstari Mmoja, muuguzi wa vyombo na Mzee wa Usingizi, yule mtaalamu wa nusu kaputi. Faili likafunguliwa. "Upasuaji umefanywa kama kawaida, mimi na wenzangu. Tumefunga." Basi. Bi Nukta aliuliza utumbo ulikatwa kiasi gani, uliungwa wapi, kulibaki nini. Mstari Mmoja alijitahidi kukumbuka, akajikanyaga, akataja upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akafuta kauli. Alikuwa amepasua watu wengi mno tangu siku ile. Kisha Bi Nukta akauliza swali jepesi kuliko yote, nani alifunga, na muuguzi wa vyombo akamtazama Mstari Mmoja.

Ndipo habari yenyewe ikatoka, kipande huku, kipande kule. Siku ile, kabla ya kufunga, Mstari Mmoja aliitwa chumba cha pili, kuna mzazi anatoka damu. Alishuka mezani akasema, "Malizieni." Msaidizi wake alidhani anaambiwa amfuate, akamfuata. Muuguzi wa vyombo alidhani msaidizi amebaki, akageuka kupanga vyombo vyake. Mstari Mmoja aliporudi alimkuta mdogo wake ameshafungwa, mshono umenyooka, mzuri mpaka akausifia. Hakuuliza. Aliandika mstari wake akaenda kunywa maji.

"Mimi niliona mikono," Mzee wa Usingizi akasema. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyetumia umri wake wote kuwapeleka watu mpaka kule kwenye mpaka na kuwarudisha, na kama kuna mambo aliyaona huko mpakani, hakuwa na tabia ya kuyatangaza. "Nilikuwa naangalia pumzi yake. Pembeni ya jicho nikaona mikono inafunga. Mirefu. Nikasema, glavu hizo kubwa."

Akamwambia Mstari Mmoja pale pale, bila ukali, kwamba hawa hawaingii mahali pasipo kuitwa. Yeye alikuwa akiwaita kila siku, kwa maandishi. Wenzangu. Wenzangu akina nani? Hakusema, nafasi ikabaki wazi, na akaja wa kuijaza. Mstari Mmoja akauliza na hiyo "mimi" je, na Mzee akasema hiyo ndiyo inayomtisha zaidi, maana nayo haikuwekewa jina. Kisha akampa masharti. Kabla ya kisu, kila aliyemo ndani ataje jina lake, na orodha ifungwe. Upasuaji ukiisha, maelezo yaandikwe palepale, kabla mtu hajatoka, kila kitu kama kilivyotokea.

"Halafu utarudi kwenye lile la zamani," akasema. "Utaandika ukweli wa siku ile. Vyote viwili, mwanangu. Haya mapya yatamtoa tumboni. Yale ya zamani ndiyo yatakayomtoa nyumbani kwenu."

Mstari Mmoja akaapa ataandika.

Walimwingiza Fundi mchana, mvua ikinyesha juu ya bati kiasi kwamba ilibidi waongee kwa kusogeleana, na chumba kile hakina dirisha, mchana wake na usiku wake ni mamoja. Fundi akalala. Bi Nukta akataja jina lake na la baba yake. Muuguzi akataja lake. Mzee akataja lake. Ikabaki zamu ya Mstari Mmoja, na alipofungua mdomo, kabla ulimi haujagusa meno, jina lake likatajwa nyuma ya bega lake, jina lake kamili, kwa sauti yake mwenyewe, kwa kile kikohozi kidogo anachokitoa kabla ya kuongea, na wale watatu wakamtazama wakidhani ni yeye, mpaka walipoona mdomo wake bado uko wazi na macho yamemtoka, na taa kubwa ikafifia, ikarudi, ikafifia tena, na harufu ya marashi ikashuka juu yao nzito hata Bi Nukta akalazimika kugeuza uso.

Mstari Mmoja alijikaza. Alitaja jina lake tena, akataja la baba, la mama, la bibi aliyemzaa mama, akataja na lile la utani walilomwita shuleni, ambalo hakuna hata mmoja pale aliyelijua. "Ndio sisi," akasema. "Hakuna mwingine."

Taa ikatulia. Wakaanza kukata.

Ndani walikuta kazi ya fundi. Utumbo wa msichana ulikuwa umeshonwa mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu anayepunguza gauni la mteja aliyekonda, mshono safi, sawasawa, na kila fundo limefungwa kwa kushoto. Bi Nukta akakata fundo la kwanza, na Mstari Mmoja akashika ule unywele kwa koleo akauvuta, ukatoka, ukaendelea kutoka, mrefu, umelowa, usiokwisha, na alipodhani umefika mwisho akahisi kwamba kuna anayeuvuta upande wa pili, si kwa nguvu, kwa subira tu, kama mtu mzima anayevutana kamba na mtoto, na kadiri walivyokata ndivyo vidole vyao vilivyokuwa vikikutana humo ndani na vidole vingine, vya baridi, ambavyo havikuwa vya Bi Nukta wala vyake, na muuguzi aliyekuwa akipokea nyuzi kwenye kibakuli alikuwa analia bila kutoa sauti, machozi yanalowanisha barakoa, lakini mkono wake haukuyumba.

Kisha midomo ya Fundi ikasogea. Alikuwa usingizini kabisa, mpira wa hewa uko kooni, mtu wa hivyo hana njia ya kuongea.

"Kazi nimefanya mimi," sauti ikasema. "Niandikwe."

"Usimjibu," Mzee akanong'ona. "Endelea."

"Ulimwacha wazi. Nani alimfunga? Niandike."

Mstari Mmoja hakujibu. Alivuta unywele wa mwisho, Bi Nukta akaunganisha utumbo upya, wakafunga, vitambaa vikahesabiwa, na baada ya hesabu hapakuwa na sauti. Alivua glavu akaandika hapo hapo, amesimama, jasho likidondokea karatasi: majina, mkato, walichokuta, walichotoa, uzi waliotumia, aliyefunga tumbo na aliyefunga ngozi. Akageuza nyuma akaendelea. Mwisho akaandika "Hakuna mwingine", akaweka jina lake lote. Milango miwili ya chumba ikafunguka kwenda nje kwa pamoja, ikajirudisha. Beseni lilikuwa na glavu za waliokuwepo, basi. Muuguzi alizihesabu akaketi sakafuni.

Fundi alipona. Alikula, akanenepa, akaanza kumtania kaka yake kwamba mshono wa Bi Nukta umenyooka kuliko wake. Na hospitali ikabadilika kweli. Bi Nukta akapata alichokuwa akikipigania: maelezo yote yakaandikwa mle mle ndani, majina yakasomwa kwa sauti, na maneno "kama kawaida" yakapigwa marufuku. Mstari Mmoja akawa mfano wa wengine, akiandika kurasa mbili kwa jipu. Wakambadilisha jina wakamwita Gazeti. Sinki la mwisho likabaki kavu, na wagonjwa wakarudi kuota ndoto za kawaida.

Ikabaki karatasi ya zamani. Mzee wa Usingizi alimuuliza korido, ameshaandika? Akasema kesho. Na kwa kweli alilitoa lile faili, zaidi ya mara moja, akalifungua, akashika kalamu. Kilichotakiwa kilikuwa kifupi: nilimwacha mgonjwa wangu tumbo wazi, ndugu yangu wa damu, na sijui nani alimfunga. Maneno machache, mstari mmoja hasa. Lakini maneno hayo yangesomwa na mganga mkuu wa hospitali, na mganga mkuu angeunda kamati, na kamati ingeuliza kuhusu wengine wote, na yule mtu ambaye watu walitoka mbali kumfuata angekuwa nani tena? Msichana ameshapona. Anaandikiwa nini zaidi? Kila siku alijiambia hivyo, na kila siku lilikuwa rahisi zaidi kidogo. Faili likapelekwa stoo ya kumbukumbu. Mzee naye akaacha kuuliza, akawa anamsalimia tu, kwa upole unaouma.

Alasiri moja alipita kwa Fundi kuchukua koti lake la kazi lililokuwa limechanika mfukoni. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, na cherehani ya Fundi ni ya umeme. Lakini chumbani, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, zilipangwa sare za shule, zimekamilika, zimekunjwa. Fundi alikuwa ameketi dirishani na sindano ya mkono. Alikuwa na afya tele, anang'aa. Akamkaribisha kaka yake akae.

Mstari Mmoja alichukua sare moja ya juu, akageuza pindo. Mshono ulikuwa umenyooka, mzuri. Akaukaribisha machoni, kisha puani. Mafundo yote yalikuwa yamefungwa kwa kushoto.

"Umeshona zote hizi peke yako, Fundi?"

Fundi alikata uzi kwa meno, bila kuinua kichwa.

"Peke yangu nitaweza wapi, Kaka? Mimi na wenzangu."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani, uzi ulivutwa taratibu kwenye kitambaa, ukafika mwisho, ukakazwa. Fundi akamtazama sasa, kwa macho yale yale ya yule mtoto aliyemsuka nywele vibaya, akatoa kikohozi kidogo, kile cha kaka yake, kabla ya kuongea.

"Mbona unashangaa? Si ndivyo ulivyotuandika?"

Kisha akainama, akaendelea na pindo lake.